Juu ya Sauti Isiyo na Mwenyewe katika Filamu Mbili za Krismasi

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu habari za lahaja, za tenzi na za uundaji wa maneno, na huenda wakastaajabu kukuta leo habari za filamu ya mauaji. Naomba radhi, ingawa si radhi kubwa, kwa maana jambo ninalokusudia kulieleza ni jambo la lugha hasa: ni habari ya nafsi na ya idadi, na ya hasara impatayo msimulizi anapolijibu swali ambalo sarufi ya hadithi yake ilitaka libaki wazi.

Filamu zenyewe ni mbili, na zote mbili huitwa Black Christmas, yaani Krismasi Nyeusi. Ya kwanza ilipigwa Toronto, Kanada, ikatolewa mwaka 1974. Mwongozaji wake ni Bob Clark, na mwandishi ni A. Roy Moore. Ya pili ni kisa hicho hicho kilichotengenezwa upya na Glen Morgan, nayo ilifunguliwa katika majumba ya sinema ya Marekani siku ya Krismasi yenyewe, tarehe 25 Desemba 2006. Ya kwanza nimeitazama mara nyingi kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu na kazi yangu. Ya pili nimeitazama mara tatu, na kila mara nimeinuka kitini na huzuni ya mgeni aliyealikwa pilau akakuta ukoko, na ukoko wenyewe umeungua.

Yafaa kwanza tuseme neno juu ya jina la jamii hii ya filamu. Kwa Kiingereza ina jina moja fupi, litokanalo na kitendo cha kukata kwa kisu kwa pigo refu. Kiswahili hakijapata neno lililokubaliwa na wote. Mtu aweza kupendekeza "filamu za uchinjaji", lakini kuchinja kwetu ni tendo lenye adabu zake: lina mnyama, lina kibla, lina jina la Mungu, na nyama yake huliwa. Kumpa muuaji neno hilo ni kumpa heshima asiyostahili. Kuchanja ni kwa kuni na kwa dawa. Kufyeka, ambako kwa maana ndiko kuliko karibu zaidi, ni kwa majani na pori. Vijana katika vibanda vya video husema tu "picha ya kutisha", wakaridhika. Mimi nitasema "filamu za muuaji wa kisu", bila ya kudai kwamba nimeunda istilahi.

Jamii hii ina desturi ya kushikamana na siku maalumu za mwaka. Halloween ya John Carpenter ilitolewa mwaka 1978, Friday the 13th mwaka 1980, My Bloody Valentine mwaka 1981; na mwaka 1984 ikaja Silent Night, Deadly Night, ambayo wazazi wa Marekani waliilalamikia hadharani kwa kuwa muuaji wake huvaa mavazi ya Baba Krismasi. Filamu ya Clark ilizitangulia zote hizo. Jina lake lenyewe lilileta taabu: wasambazaji wa Marekani walihofu kwamba neno "nyeusi" litawafanya watu wadhani ni filamu ya Wamarekani weusi, basi wakaitoa kwanza kwa jina la Silent Night, Evil Night. Mwenye kusomea semantiki hahitaji mfano bora kuliko huo wa kivumishi kimoja kinachobadilika maana kwa kuvuka mpaka.

Kisa cha mwaka 1974 ni chepesi kukisimulia. Katika nyumba ya chama cha wanafunzi wa kike, ambamo wasichana hukaa chini ya mlezi mmoja mlevi wa siri, sikukuu inakaribia na wengi wanafunga mizigo. Mtu anapanda ukuta usiku, anaingia kwa dirisha la darini. Sisi watazamaji hatumwoni. Twaona kwa macho yake na kusikia pumzi zake, kwa maana mpiga picha aliifunga kamera begani akapanda nayo. Msichana wa kwanza, Clare, anauawa mapema, na maiti yake inawekwa juu ya kiti cha bembea mbele ya dirisha la darini, ambako inabaki mpaka mwisho wa filamu. Baba yake anamtafuta, polisi wanamtafuta bustanini, na yeye yuko juu ya vichwa vyao. Na muda wote huo simu inalia.

Simu ndiyo moyo wa filamu hii. Wasichana wameizoea hata wamempa mpigaji jina la utani, Mgunaji. Lakini usiku huu si kuguna tu. Zinatoka sauti nyingi katika chombo kimoja: sauti ya mwanamume mzima, sauti ya mwanamke mwenye hasira, sauti ya mtoto anayelia, zinakatizana, zinajibizana, zinaulizana juu ya jambo ambalo Billy alimtenda Agnes. Billy ni nani? Agnes ni nani? Hatuambiwi. Msichana mmoja anauliza kama kweli huyu ni mtu mmoja. Naye Barb, mwenye ulimi mkali kuliko wote, anamjibu kwa kejeli kwamba la, ni kwaya mashuhuri ya Wamormoni. Watazamaji hucheka. Swali lenyewe lakini ni la maana, na filamu nzima imesimama juu yake.

Sehemu kubwa ya sauti hizo ilitolewa na mwigizaji Nick Mancuso, naye ameeleza mwenyewe kwamba wakati mwingine alisimama kichwa chini miguu juu ili kifua kibanwe na sauti ibadilike. Bob Clark naye alitia sauti yake humo. Hata muziki ulifuata njia hiyo: Carl Zittrer alifunga uma za mezani, vitana na visu katika nyuzi za piano, ili chombo kinachojulikana kitoe sauti isiyojulikana. Fonetiki ya kitisho, kama ningeruhusiwa kufundisha somo hilo, ingeanza hapo.

Sasa tuingie katika sarufi. Mwaka 1946 mwanaisimu Mfaransa Émile Benveniste alionyesha kwamba nafsi tatu tunazofundisha shuleni si ndugu wa tumbo moja. "Mimi" na "wewe" hupatikana katika mazungumzo tu: mimi ni yule asemaye sasa, wewe ni yule anayeambiwa sasa, na wawili hao hupokezana nafasi. Nafsi ya tatu ndiyo isiyokuwamo katika mazungumzo. Benveniste alifika hata kuiita si nafsi. Kwa hiyo anayesema "mimi" lazima awe mahali fulani, na anayeambiwa "wewe" ana haki ya kumtafuta. Katika simu za filamu hii haki hiyo inavunjwa. Kila sauti yasema "mimi", lakini "mimi" wa sentensi hii si "mimi" wa sentensi iliyotangulia. Kila sauti yasema "wewe", wala haimsemeshi Jess aliyeshika simu. Yamsemesha Agnes, au Billy, au mtu wa tatu. Jess amewekwa mahali pa nafsi ya pili bila ya kuambiwa lolote. Yeye asikiaye amegeuzwa mpita njia katika ugomvi wa nyumba ya watu, na nyumba yenyewe ni yake.

Kuna jambo la ndani zaidi. Jess ana mimba, wala hataki kuizaa; Peter, mchumba wake, anataka waoane. Katika ugomvi wao Peter analifananisha jambo hilo na kuondoa chunjua. Baadaye mpigaji wa simu anayarudia maneno hayo hayo. Hasemi "Peter alisema", hatii kitenzi chochote cha kunukuu; anayatoa kama yake. Polisi wanahitimisha kwamba basi mpigaji ni Peter. Ni kosa la kisarufi lenye kuua: wameichukua nukuu isiyo na kitangulizi wakaihesabu kuwa kauli ya msemaji. Kwamba huenda kuna mtu aliyesikiliza ukutani hawalifikirii mpaka ni usiku mno.

Kiswahili kingefanyaje hapa? Kiingereza humlazimisha mtu achague jinsia anapomtaja mmoja asiyemjua, au ajifiche nyuma ya kiwakilishi cha wingi ambacho hutumika pia kwa mmoja. Kiswahili hakijali jinsia: a- yatosha kwa mwanamume, kwa mwanamke na kwa mtoto, hivyo sauti tatu zaweza kukaa ndani ya kiambishi kimoja kwa raha. Walakini Kiswahili hudai idadi, wala hakimpi msemaji mlango wa nyuma kwa urahisi. Ama a-, ama wa-. Swali la msichana yule, ambalo kwa Kiingereza lingeweza kuzungukwa, kwetu haliepukiki hata katika sentensi ndogo ya kusema kwamba simu imepigwa tena na mtu yule yule. Au watu wale wale?

Miaka kadhaa iliyopita niliwapa wanafunzi wangu wa semina ya tafsiri zoezi la kuzifasiri simu hizo pamoja na maneno ya wasichana wanaozizungumzia. Wengi waliandika "anapiga", wakaendelea. Wachache waliandika "wanapiga". Mwanafunzi mmoja wa kike, mtu wa maneno machache, hakuandika hili wala lile. Kila mahali aliandika "simu imelia" na "zinasema", na upatanisho wake ulikuwa wa sauti, si wa watu. Nilipiga mstari mwekundu chini ya kila "zinasema", nikaandika pembeni kwamba kitenzi hakina mtenda wa kibinadamu na kwamba mfasiri amekimbia kazi yake. Nikampa alama ya wastani.

Msomaji aliyelelewa na hadithi za bibi atakumbuka kisa cha msichana aliyetiwa na zimwi ndani ya ngoma. Zimwi hupita kijiji kwa kijiji, hupiga ngoma, na ngoma huimba. Watu hustaajabia ngoma. Ni ndugu zake tu waitambuao sauti, na kutambuliwa huko ndiko kunakomwokoa. Katika hadithi ile sauti isiyo na mwili ni ya aliyefungwa, na jamaa wanaijua. Katika filamu ya Clark sauti isiyo na mwili ni ya afungaye, na hakuna jamaa wa kuitambua. Naitaja si kwa kudai uhusiano wa nasaba, bali kwa kuwa yaonyesha jinsi jambo moja, yaani sauti iliyotengwa na mwili, linavyoweza kugeuzwa pande mbili. Michel Chion, katika kitabu chake cha mwaka 1982 juu ya sauti katika sinema, alieleza kwamba sauti ya namna hiyo ina nguvu ya kuwa kila mahali na kuona kila kitu, na kwamba nguvu hiyo huisha mara tu mwili unapoonyeshwa. Clark alikuwa amelitenda jambo hilo kabla halijaandikwa: katika filamu nzima twaona kivuli, mikono, na jicho moja katika upenyo wa mlango. Basi.

Na hapa yafaa kueleza ufundi wa simu za zama zile, kwa sababu vijana wa leo hawauelewi na bila ya huo filamu haieleweki. Katika mitambo ya kale kila simu iliyounganishwa ilishika njia yake kwa vyuma vinavyosogea. Ili kujua inatoka wapi, fundi alilazimika kuifuata njia hiyo kwa miguu, kutoka safu moja ya mitambo hadi nyingine, na kama mpigaji akikata, vyuma vinarudi na njia inapotea. Clark anatuonyesha fundi akikimbia kati ya safu hizo huku Jess akijitahidi kumshikilia mpigaji katika mazungumzo. Fikirini maana yake: ili sauti ipate mwenyewe, lazima mwanamke aendelee kuisikiliza. Nalo jibu, linapopatikana, ni la mahali tu, si la nafsi: simu inapigwa kutoka ndani ya nyumba ile ile, kwa laini ya pili ya mlezi. Kisa cha namna hiyo kilikwisha kusimuliwa na vijana wa Marekani tangu miaka ya 1960, na kila asimuliaye hukomea hapo. Clark hakukomea hapo. Jess anamuua Peter akidhani ndiye. Polisi wanaridhika, wanamwacha amelala kwa dawa. Kamera inapanda polepole hadi darini. Kisha simu inalia, na inaendelea kulia majina ya watendaji yanapopita.

Krismasi nayo imeingizwa kwa masikio. Barb anauawa kitandani kwa sanamu ya kioo wakati watoto wa kwaya wanaimba mlangoni na Jess amesimama akiwasikiliza. Sauti moja imeifunika nyingine. Hakuna mzaha wa mti wa Krismasi, hakuna Baba Krismasi mwenye shoka.

Ikiwa msomaji amenifuata mpaka hapa, filamu ya mwaka 2006 haitanichukua muda mrefu, nayo haistahili. Morgan hakuwa mtu asiyejua kazi. Alikuwa amekwisha kufanya mengi mazuri katika mfululizo wa The X-Files, na filamu ya Final Destination ya mwaka 2000 ilikuwa ya mkono wake na wa James Wong. Alimrudisha hata Andrea Martin, aliyekuwa mmoja wa wasichana wa mwaka 1974, akampa nafasi ya mlezi. Kosa lake lilikuwa ni kuona kwamba "Billy ni nani?" ni deni lililoachwa na Clark, naye ndiye wa kulilipa. Basi akalilipa, na riba juu yake. Billy amezaliwa na ugonjwa wa ini uliompa ngozi ya manjano. Mama yake hampendi. Mama anamuua baba. Billy anafungiwa darini. Mama anazaa naye mtoto wa kike, ndiye Agnes. Krismasi ya mwaka 1991 Billy anashuka, anamtoboa Agnes jicho, anamuua mama, na anakata nyama yake kwa kibati cha kukatia biskuti. Haya yote twaonyeshwa kwa picha, moja baada ya nyingine, kama jalada la hospitali.

Angalieni lililotukia katika sarufi. Clark alituachia sauti nyingi ndani ya a- moja, tusijue ni moja au nyingi. Morgan akajibu: ni wawili. Wauaji katika filamu yake ni Billy na Agnes, kila mmoja na mwili wake. Swali la idadi, lililotukosesha usingizi kwa miaka thelathini na miwili, limejibiwa kwa hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza. Na nasaba nayo imejibiwa. Kwa Kiswahili Agnes huyu wa pili ni umbu la Billy kwa mama na ni binti yake kwa kumzaa. Maneno mawili kwa mtu mmoja, na yote mawili yamekwisha semwa, hapana la kukisia.

Baada ya hapo simu hazina kazi. Zimo, lakini hafifu. Moja yatoka katika simu ya mkononi ya msichana aliyekwisha kuuawa, na anayeipokea aona jina la mwenzake kwenye kioo. Simu yenye jina la mwenyewe usoni pake si simu ya Mgunaji tena. Ningekubali kwamba zama zimebadilika na fundi wa kukimbia kati ya mitambo hayuko. Lakini jina la uongo kwenye kioo lingeweza kuwa kitisho kipya cha nafsi, "mimi" anayevaa jina la "yeye" aliyekufa, na Morgan alilishika jambo hilo mkononi akaliachia lianguke. Badala ya sauti tumepewa vyombo. Pipi ya fimbo inachongwa ncha na kuua mlinzi. Barafu ining'iniayo inaua. Kiatu cha kuteleza kwenye barafu kinaua. Mwisho Billy anaangukia ncha ya mti wa Krismasi. Sikukuu imegeuzwa duka la vifaa.

Wapo wanaoitetea, nao husema kwamba kutengeneza upya bila ya kuongeza ni kunakili. Ni kweli. Lakini kuna kuongeza kunakopunguza. Kilichopotea kikubwa kuliko vyote, kwa maoni yangu, si kitisho bali usikivu. Katika filamu ya mwaka 1974 wasichana wanakwenda kituo cha polisi kutoa habari, na sajini anawacheka. Simu za matusi ni utani wa wavulana, msichana asiyeonekana yuko na mpenzi wake. Neno la mwanamke halihesabiwi kuwa habari mpaka lithibitishwe na chuma cha mtambo. Jess anasema wazi mbele ya Peter kwamba mimba ni yake na uamuzi ni wake, naye Peter hasikii. Kila mtu katika filamu ile ana masikio, na karibu hapana asikiaye. Morgan aliyaondoa haya yote, akatia video ya siri ya mchumba ili tumshuku kwa dakika chache. Sophia Takal, alipotengeneza filamu ya tatu ya jina hili mwaka 2019, alijaribu kulirudisha jambo la wanawake wasiosikilizwa, na kwa hilo namheshimu. Lakini naye alieleza mno, hata muuaji akawa hoja.

Mwaka uliofuata zoezi lile la tafsiri niliwaonyesha wanafunzi filamu ya Morgan nikawapa simu zake wazifasiri. Za Clark tulikuwa tumezigombania kwa majuma matatu, na mlango wa ofisi yangu haukufungwa. Hizi walizimaliza kabla ya saa moja, na viambishi vyao vilikuwa sawasawa. Hapana aliyeuliza kitu. Nilirudi ofisini nikaitafuta karatasi ya yule mwanafunzi. Mistari yangu myekundu ilikuwa kumi na moja. Nilifuta niliyoweza kufuta, nikamwita. Alikuwa amekwisha kuhitimu, yuko Tanga, anafundisha, nikampigia simu. Alipopokea nilijitaja jina langu mara mbili kabla ya kusema lolote.